Sita wa Zarza

Usiku wa tarehe tano Septemba, nyanda za Gan Gan,
upepo ukikwaruza mabati kama mdai asiyechoka,
Zarza alijifungua ndani ya gunia la manyoya ya kondoo.
Sita. Eduviges aliwahesabu gizani kwa kidole,
kila mmoja na joto la kiazi kilichotoka chunguni.

Kulipokucha, wanne walikuwa weusi, shingo nyeupe,
kama mama yao, na kama Tordo,
dume la nyumbani, mwenye vyeti na vikombe kabatini.
Wa tano, rangi ya kutu.
Wa sita, kijivu,
na kijivu hicho kila mtu pale alikijua:
kililala chini ya tangi la dizeli,
hakina jina, hakina mwenyewe.

"Haiwezekani," alisema Nemesio. "Tumbo ni moja."
Alikwisha kupokea fedha ya tajiri mmoja wa Trelew
kwa ajili ya mtoto wa Tordo, tena fedha imekwisha kuliwa,
imekuwa pampu ya maji.

Akaitwa daktari wa mifugo, Rayén Painemal.
Watu wa huko mate huyanywa:
majani machungu, maji ya moto, mrija wa fedha.
Naye, alipokwisha kunywa yao,
akachota ya mbwa, kwa pamba, shavu baada ya shavu,
watoto, Zarza, Tordo;
na yule wa chini ya tangi
alimpata kwa mfupa na uvumilivu.

Kisha akaomba karata, maana mvua ilikuwa imefunga njia.
"Kila karata hapa ina mwenzake. Tuseme hizi ni Zarza.
Yai likiondoka, huchukua moja katika kila jozi,
na halichagui. Lingine nalo huchukua moja,
pengine ileile, pengine ile iliyoachwa.
Mbegu ya dume hivyohivyo.
Kwa hiyo hata hao weusi wako si nakala, Nemesio.
Wakiwa wa baba mmoja, nusu ya waliyopewa hulingana,
kwa wastani, zaidi kidogo au pungufu kidogo.
Wakiwa wa baba wawili, robo.
Walipanga nyumba moja. Hawakula sahani moja."

"Baba wawili?"

"Joto la jike ni la siku nyingi.
Mgeni wa kwanza hafungi mlango."

Eduviges alicheka hadi akamwaga maji ya moto.
Nemesio hakucheka. Alikwenda bandani,
akamfunga utepe mwekundu mweusi mmoja, mnene, mzuri,
shingo yake nyeupe kama kola ya padri.
Huyu ndiye wa Trelew, alisema. Huyu hana shaka.

Majibu yalichukua wiki tatu.
Rayén aliyasoma amesimama, hajavua koti.
Kutu ni wa yule wa tangini. Nemesio akaitikia kwa kichwa.
Kijivu ni wa Tordo.
"Rudia."
"Wa Tordo. Kijivu kilikuwa kimejificha kwa wote wawili,
kwa mama, kwa baba, chini ya weusi wao;
karata mbili dhaifu zikakutana mkononi mwake."
Weusi watatu, wa Tordo.
Na wa nne, mwenye utepe,
ni ndugu wa kutu, baba mmoja.

Kitanda hakizai haramu, husema wahenga,
sembuse gunia.
Lakini wahenga hawakuwa wanadaiwa na tajiri wa Trelew.

Usiku ule Eduviges alitoka na sufuria ya mabaki,
akaiweka chini ya tangi la dizeli, akarudi bila neno.
Nemesio alikuwa bandani, taa ameizima,
ameingiza mkono guniani, kidole mbele,
anamtafuta yule mwenye utepe.
Utepe ulikwisha kutafunwa.
Shingo, shingo, sikio, tumbo lililojaa maziwa,
vyote laini, vyote vya Zarza.

Mmoja alimng'ata.
Hakujua ni yupi.